Wanawake Arobaini na Mmoja

“Na mimi, mwanangu, nikae wapi?”

Aliniuliza hivyo Ijumaa moja asubuhi, ndani ya banda la bati la kiwanda kidogo cha kubangua korosho pale Visiga, mbele ya wanawake arobaini waliokwishakaa kwenye viti vyao. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshika karatasi iliyochapwa vizuri yenye majina ya meza zote tano. Niliipitia ile karatasi mara mbili, na huku najua kabisa kwamba jina lake halimo, kwa sababu niliichapa mwenyewe. Halafu nikasema, “Subiri kidogo, mama.”

Hilo halikuwa jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na tano na shahada ya chuo kikuu, na tangu utoto nilikuwa mtu wa kuwachosha wengine kwa maswali. Nyumbani kwetu Kibaha, Maili Moja, mama yangu alikuwa akiniambia, “Wewe atakuoa nani? Mwanamume atakuambia habari za asubuhi, utamuuliza kwa nini.” Nilimuuliza shehe wa madrasa, nikamuuliza mwalimu wa uraia, nikawauliza wahadhiri mpaka mmoja akawa akiniona nimenyoosha mkono anageukia ubao. Siku ile niliulizwa mimi, swali fupi tu la mtu anayetaka kukaa.

Pale kiwandani nilikuwa ofisa utumishi msaidizi, huo ukiwa mwezi wangu wa saba kazini. Kazi yenyewe ya korosho ni ya mikono. Zikishachemshwa kwa mvuke zinaletwa bandani, watu watatu wa kila meza wanazibangua kwa mashine za kukanyaga kwa mguu, watatu wanamenya ngozi ya ndani kwa visu vidogo, wawili wanachambua: nzima huku, zilizovunjika kule. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kichupa chake cha mafuta ya nyonyo, anajipaka viganja kabla ya kuanza na kila akirudi kutoka nje. Harufu ya mafuta hayo ilinifuata mpaka chumbani kwangu nilikopanga.

Kila meza ilipimwa kwa kilo za korosho nzima. Na nani akae meza gani, hilo lilikuwa mikononi mwa msimamizi wa zamu. Anayempendeza alikaa karibu na dirisha. Anayemjibu alikaa karibu na tanuri. Malalamiko yote yaliishia mezani kwangu: fulani hamenyi, anapiga soga, fulani anaficha zilizovunjika chini ya rundo la mwenzake. Nikajiuliza, hivi kwa nini hawa watu wazima wapangwe kama watoto wa chekechea? Chuoni tulisoma kidogo habari za wafanyakazi kuachiwa wachague wenyewe wa kufanya nao kazi. Nilikuwa nimepigia mistari ukurasa mzima. Nikaandika pendekezo la kurasa mbili, nikampelekea meneja.

Meneja alikuwa mwalimu zamani, na bado alikuwa akikusikiliza kama anayesubiri ukosee.

“Wachaguane wenyewe,” alisema. “Kama timu ya mpira ya shule.”

“Ndiyo, bosi. Mtu akifanya kazi na aliyemchagua, anajituma.”

“Viti vingapi mle ndani?”

“Arobaini.”

“Na wanawake?”

“Arobaini na mmoja. Mmoja anakwenda uwanjani kwa zamu, wiki wiki. Hiyo ibaki vilevile.”

Uwanjani maana yake ni nje, juani, kugeuza korosho ghafi kwa reki tangu asubuhi mpaka zianze kuingizwa ghalani. Hakuna aliyependa uwanjani, lakini wiki ni wiki, inaisha.

“Hapana,” akasema meneja. “Ukiwaachia wachague, waachie mpaka mwisho. Atakayebaki hana meza, uwanjani ndipo pake. Mimi sitaki zamu wala lawama. Watakuwa wamechagua wenyewe.”

Hapo ndipo ile kwa nini yangu ilipohitajika, na hapo ndipo ilipolala. Nilikubali. Nilijiambia kwamba atakayebaki atakuwa yule mvivu mmoja aliyekuwa akilala chooni, na nikaona hata haki fulani ndani yake. Wazo lilikuwa langu, nilitaka lipite.

Yule aliyeniuliza swali nilikuwa nimemwona tangu siku yangu ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mwembamba, ameketi wima muda wote kama mtu anayetazamwa. Alitoka Masaki, kule Kisarawe kwenye mihogo na mikorosho, na alikuja kila alfajiri na wenzake wa huko kwenye lori la kiwanda. Alimenya polepole kuliko wote. Lakini korosho yake ilitoka nzima, nyeupe, haina kovu. Wanawake wengine wote pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye aliitwa Mama tu. Nilidhani hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikauliza. Nilimuuliza mwanamke mmoja wa Masaki, mbanguaji, mnene, mwenye mdomo kuliko banda zima. Kama kulikuwa na kicheko mahali, yeye ndiye aliyekianzisha.

“Kwani Mama hana watoto?”

“Anao.”

“Wangapi?”

“Tele, dada. Unataka kuwahesabu? Lete daftari.” Wote wa meza ile wakaangua kicheko, na Mama mwenyewe akatabasamu bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake. Nikacheka nami, ingawa sikujua tunacheka nini.

Jumatatu niliyotangaza utaratibu mpya ilikuwa kama sherehe. Niligawa karatasi tano zenye mistari minane kila moja, mstari wa kwanza mpaka wa nane. Wajaze majina, wanirudishie Alhamisi, Ijumaa orodha inabandikwa ukutani.

“Tuchaguane kama wachumba?” aliuliza yule mwenye mdomo. “Basi mimi barua yangu ya posa naitaka na kilo mbili za sukari.”

“Nani akupose wewe, unakanyaga mashine kama unaua nyoka!”

“Ndiyo maana natafutwa. Nyoka wameisha Masaki nzima.”

Nilirudi ofisini nimefurahi. Furaha ile haikufika Jumatano. Nilianza kuona watu wanakula chakula cha mchana mafungumafungu, wakinyamaza mtu wa fungu jingine akipita. Wawili wa Soga waliokuwa wakikaa pamoja miaka mitatu walitengana kwa maneno makali, mmoja akimwambia mwenzake mbele ya watu kwamba siku zote alikuwa akimbeba. Kumbe walikuwa wakijua siku zote nani anambeba nani. Utaratibu wangu ndio uliowalazimisha kulisema. Meza zilijitengeneza kwa vijiji: mbili za Masaki, moja ya Soga, moja ya Visiga, na moja ya mchanganyiko. Wasichana wawili wa Visiga, walioajiriwa mwezi uliopita, walikuja ofisini kwangu wanalia. Hakuna aliyewataka, kwa sababu walikuwa bado wanavunja korosho nyingi.

“Dada, tutaenda uwanjani wote wawili?”

“Uwanjani anakwenda mmoja,” niliwaambia, na hapo hapo nikasikia jinsi jibu langu lilivyo baya.

Alhamisi karatasi zilirudi. Tatu zilikuwa zimejaa. Mbili, zote za Masaki, zilikuwa na majina saba saba. Zote mbili zilianzia mstari wa pili. Wa kwanza uliachwa mtupu. Sikulipa jambo hilo uzito. Nimeona fomu nyingi za kiwandani, na watu wengi huruka mstari wa juu wakidhani ni wa kichwa cha habari. Nilichoona ni hesabu: nafasi mbili zimebaki, na watu watatu hawana meza. Wale wasichana wawili, na Mama.

Mama! Nililitafuta jina lake kwenye karatasi zote tano nikiamini nimekosea. Watu wa Masaki walikuwa kumi na tano. Kumi na wanne wamejiandika, saba huku na saba huku. Mwenzao mmoja, aliyepanda nao lori lile lile kila alfajiri, hakuandikwa na yeyote.

Mchana nilikwenda bandani nikiwa na zile karatasi mbili. Fundi wa mashine, mwanamume pekee mle bandani, alikuwa amepiga magoti karibu na meza ya yule mwenye mdomo, anakaza nati.

“Hapa mna nafasi moja,” nilimwambia.

“Hiyo iache hivyo hivyo, dada.”

“Ya nani?”

Alimtazama fundi, kisha akanitazama mimi. “Iache tu mpaka Jumatatu.”

“Mwisho ni kesho.”

“Kwani kesho na Jumatatu zina ugomvi?”

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha chini. Mimi sikucheka. Nilifikiri nimeelewa. Niliona meza mbili zinazotaka kilo nyingi, zinamwona mzee wao anavyomenya polepole, na zimeamua bora kiti kikae kitupu kuliko akikalie yeye. Na hawana hata ujasiri wa kusema. Niliondoka na hasira ya mtu aliyewagundua watu.

Jioni ile nilikaa ofisini na karatasi zile. Nataka nieleze sawasawa nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri kwa makini sana. Nilifikiri: nikimweka Mama kwa nguvu kwenye meza isiyomtaka, nimevunja kile kile nilichokianzisha. Nilifikiri: wale wasichana wamekuja kuomba, yeye hakuja. Nilifikiri: yeye ni mtu mzima, anaheshimika, hata uwanjani hatasumbuliwa na mtu, wale watoto watakimbia kazi. Nilifikiri pia kwamba nitamwita pembeni kesho mapema, nimweleze kwa upole. Nikachapa orodha mpya. Msichana mmoja meza hii, mwingine ile. Ile mistari mitupu niliifuta, majina yakapanda juu, kila meza ikawa na nane. Orodha ilipendeza. Nakumbuka nilipanga hata nafasi kati ya safu na safu.

Ijumaa lori lilichelewa. Waliposhuka kengele ilikuwa imeshalia, na meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa banda akitaka kuuona utaratibu wenyewe. Hapakuwa na pembeni pa kumwitia mtu. Nilisoma majina meza kwa meza. Nilipowataja wale wasichana kwenye meza za Masaki, kulitokea mnong’ono, na mtu akasema “He!” kama aliyechomwa sindano. Wasichana wakaenda wakakaa haraka, wameinamisha vichwa. Nikamaliza kusoma. Watu arobaini wamekaa, mmoja amesimama katikati ya banda na kichupa chake cha mafuta ya nyonyo mkononi, viganja vimeshapakwa tayari.

Ndipo akaniuliza akae wapi.

Baada ya ile subiri yangu, nilichanganyikiwa nikasema kitu kibaya zaidi. “Chagua wewe, mama. Meza yoyote. Sema unayoitaka, nitamtoa mtu.”

Alinitazama kama niliyemtukana kwa lugha asiyoitegemea kwangu.

“Nichague?” alisema. “Nimchague nani, nimwache nani?”

Nilisikia uchungu ndani ya maneno yale na nikadhani ni uchungu wa mtu aliyetupwa. Kabla sijasema kingine, meneja alikuwa ameshachukua reki iliyoegemea ukutani.

“Hakuna wa kulaumiwa hapa,” alisema, tena kwa sauti ya upole. “Wamechagua wenyewe. Karibu uwanjani, mama, angalau kuna hewa.”

Mama aliipokea reki kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mtu unayemheshimu. Akafunga kichupa chake, akakitia kwenye pindo la kanga, akatoka nje. Mle ndani hakuna aliyekanyaga mashine.

Mimi sikutoka naye. Nilibaki, nikawageukia wale wa Masaki. Bado naona haya nikikumbuka sauti yangu.

“Hamuoni aibu?” niliwaambia. “Mzee mnayepanda naye lori moja, mnamtupa juani kwa sababu ya kilo? Mngekuwa nyinyi je? Mimi niliwaamini. Nilimwambia bosi nyinyi ni watu wazima.”

Mmoja wa meza ya pili alisukuma kapu lake kwa mguu, likaingia ndani zaidi chini ya meza. Mwingine aliuma pindo la kanga yake. Yule mwenye mdomo ndiye pekee aliyeinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Dada, usituseme hivyo. Hujui.”

“Basi niambieni nijue.”

Alimtazama meneja pale mlangoni. Akamtazama fundi aliyekuwa kwenye mashine zake. Akanitazama mimi tangu kichwani mpaka viatuni, mtazamo mrefu, kama anayenipima kitu. Halafu akaweka korosho kwenye mashine yake na kukanyaga.

Mama aligeuza korosho siku ile, na Jumamosi nusu siku, na Jumatatu. Jumanne hakuwemo kwenye lori. Niliwauliza wenzake, wakasema yupo. Mgonjwa? Hapana, yupo tu. Tangu hapo meza zile mbili zilifanya kazi kimya. Wasichana wa Visiga walimenya wakiwa wamekunja mabega, hakuna aliyewatukana, hakuna aliyewasemesha. Korosho zilizovunjika ziliongezeka meza zote mbili. Meneja aliniuliza sababu, nikamwambia nachunguza. Mwanamke yule mnene hakutania tena nilipopita. Alinisalimia kwa adabu, na adabu yake ilinikaa kama mfupa kooni.

Jumapili nilichukua bodaboda mpaka Masaki. Nilishuka kwenye njia ya vumbi, nikaelekezwa na watu waliobeba mkaa, na nikamkuta uani kwake anageuza mihogo iliyoanikwa juu ya mkeka. Alikuwa anafanya kazi ile ile niliyomfukuzia, nikawaza, ila hapa kwake hakuna anayemtazama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili? Kaa kivulini. Kaa, kaa.”

Alinipa kigoda. Yeye alibaki amesimama, nami nilitambua hilo nikiwa nimeshaketi. Nilimwambia nafasi yake ipo, nitaongea na meneja, nitarudisha zamu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Nimechoka tu,” alisema. “Kumenya kunataka macho.”

“Korosho zako ndizo nzuri kuliko zote.”

“Ahsante.”

Nikashindwa kuvumilia. “Mama, wale wenzako wamekukosea. Mimi niliwaambia wazi. Wale si watu.”

Mkono wake ulisimama juu ya mihogo. Sauti yake haikupanda, lakini nilijikuta nimenyooka kwenye kile kigoda kama nipo mbele ya mwalimu mkuu.

“Usiwaseme watoto wangu.”

Watu wazima wa kwetu humwita kila mtu mtoto. Nililichukua hivyo, neno la mtu mwenye moyo mkubwa anayewasamehe waliomtenda, na nikazidi kuwachukia kwa niaba yake. Nilitaka kumuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na korosho za kukaanga ndani ya karatasi, akanisindikiza mpaka njiani. Tulizungumza habari za mvua. Bodaboda ilipoondoka niligeuka, nikamwona bado amesimama pale pale, mkono mmoja kiunoni, kama anayehakikisha nimekwenda.

Kiwandani hakurudi. Baada ya miezi miwili meneja alirudisha orodha ya msimamizi wa zamu, akaniambia nisijali, wasomi wote huanza hivyo. Mkataba wangu ulipokwisha sikuomba mwingine.

Kisha nikafanya jambo ambalo siku hizi linanisumbua kuliko yote. Kisa kile nilikigeuza hadithi. Nilikisimulia kwa marafiki, kwenye vikao, hata kwenye usaili mmoja wa kazi. Nilisema: nilidhani watu wakiachiwa uhuru watatendeana wema, kumbe ukiwaachia wanamtupa aliye dhaifu. Nilikuwa nikishusha sauti nilipofika kwenye lile swali lake la nikae wapi. Watu walitikisa vichwa. Mimi ninayehoji kila kitu, hadithi ile sikuihoji hata mara moja, kwa miaka sita, kwa sababu mtu mwema ndani yake nilikuwa mimi.

Sasa hivi nafanya kazi katika ofisi moja huko Kisarawe ambako, pamoja na mengine, watu huja kuomba vibali vya sherehe. Mwaka huu, siku moja kabla ya adhuhuri, mwanamke mnene aliingia, akaketi, akaniangalia akasema, “He, dada wa karatasi!” Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa na nywele za mvi mbele, amepungua kidogo. Binti yake amevunja ungo, anataka kumcheza ngoma ya unyago kule Masaki, na anahitaji kibali. Nikampa fomu. Tuliongea ya mvua, ya barabara, nani kaolewa, nani kahamia Soga karibu na stesheni ya treni. Alijaza polepole, akanirudishia.

Mstari unaotaka jina la msimamizi wa ngoma ulikuwa mtupu.

“Hapa hujajaza.”

“Jaza wewe, dada.”

“Kwani kungwi ni nani?”

“Si Mama.”

“Mama yupi?”

“Wangapi unawajua?”

Niliweka kalamu juu ya mstari na sikuandika. “Mbona huandiki mwenyewe?”

“Jina lake?” Alishtuka kweli, akatazama nyuma yake kama kuna mtu aliyenisikia. “Kungwi aliyekucheza humtaji jina, sembuse kuliandika. Mimi amenicheza. Sote tuliokuwa pale kiwandani, wale kumi na wanne, ametucheza yeye. Tulikuambia anao watoto tele.”

Chumba kilikuwa na joto. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki na haiwaki. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia siku ile.

“Mbele ya wanaume? Na wewe mwenyewe hukuchezwa, dada. Mambo ya ngoma tunayazungumzaje hadharani?” Hakusema kwa ukali. “Tulishindwana. Meza yetu inamtaka, meza ya wenzetu inamtaka. Na yeye hawezi kuchagua, atamchagua mwali gani amwache mwali gani? Tukamwachia mstari wa juu, ndio pake kungwi, kwenye karatasi zote mbili. Tukapanga Jumamosi baada ya alasiri twende kwake wote, tumpigie magoti, tupige kura ya bahati mbele yake, sisi kwa sisi, ili asilazimike kusema yeye. Ndiyo nikakuomba uiache mpaka Jumatatu.”

“Na baada ya pale?”

“Baada ya pale tungekwenda na uso gani? Ameshapewa reki mbele yetu, tumekaa.”

Nililiandika jina lake mimi, kwa herufi kubwa, kwenye fomu ya kibali. Mwanamke yule aligeuza uso pembeni mpaka nilipomaliza. Alipokuwa anasimama kuondoka nilimuuliza jambo moja lililobaki, habari ya lile kapu lililosukumwa chini ya meza ya pili wakati nawasema.

Ndani yake kulikuwa na doti ya kanga waliyochanga wote kumi na wanne, imekunjwa tayari, ya kumpelekea Jumamosi.